Mstari Chini ya Goti

Mstari ulichorwa asubuhi kwa kalamu nene ya wino wa buluu, kiganja kimoja chini ya goti la mguu wa kulia. Daktari aliyeuchora hakumwambia kitu mwenye mguu. Alifika na wanafunzi wake sita, akafunua shuka, akazungumza nao kwa lugha ya kigeni, akachora, akafunika. Mwanafunzi mmoja alitabasamu kwa adabu. Kisha wote wakahamia kitanda cha mbele, wakaacha harufu ya sabuni.

Fundi alibaki anaangalia dari. Mtaani kwake hakuwa na jina jingine, Fundi tu. Hata wanawe walimwita mama wakiwa ndani na Fundi mbele ya wateja. Alikuwa ameshona kwa miaka thelathini na moja: sare za shule, magauni, mapazia ya ofisi. Alikuja hospitali kwa sababu vidole viwili vya mguu vilikuwa vimegeuka vyeusi baada ya kukanyaga sindano iliyoanguka chini ya cherehani. Hakuisikia ilipoingia. Ni kisukari, waliambiwa, kimeua hisia za mguu. Leo alikuwa anaingia thieta, chumba cha upasuaji, kusafishwa kidonda. Hivyo ndivyo alivyoambiwa na mwanawe mkubwa, Karani, na Karani ndiye aliyesoma karatasi.

Akafunua shuka mwenyewe, akatazama mguu kwa muda mrefu.

"Jirani," alimwita mwanamke wa kitanda cha pili, muuza mkaa aliyevunjika nyonga. "Hebu niangalizie. Kidonda changu kiko wapi?"

"Kiko vidoleni. Unaniuliza mimi, mguu ni wangu?"

"Na huu mstari uko wapi?"

Muuza Mkaa akajiinua kwa kiwiko, akatazama. Mdomo ulimkaa wazi, na haikuwa kawaida ya mdomo ule kukaa bila kazi.

"Labda ndipo bandeji itakapoishia," alisema.

"Bandeji haichorewi mstari. Mimi nimechora chaki kwenye vitambaa vya watu tangu nikiwa kigori. Mstari wa kushona una mwanzo na mwisho wake. Huu umezunguka mpaka umerudi ulikoanzia." Fundi aliufuata kwa kidole, pole pole, mpaka nyuma ya muundi na kurudi. "Huu ni mstari wa mkasi."

Muuza Mkaa alilala tena chali.

*

Sista alikuja na troli saa tatu. Nyuma yake waliingia Karani, kalamu mbili zikiwa kwenye mfuko wa shati, na mdogo wake wa kike ambaye nyumbani walimwita Vifungo. Kazi yake kwa mama ilikuwa kushona vifungo na kukunja pindo, na midomo yake nayo ilikuwa kama imefungwa kwa kifungo. Aliachia shule darasa la tano. Alikuwa na miaka ishirini, na bado aliongea na wageni huku akiangalia viatu vyao.

"Haya bibi, vua hizo, uvae hili," Sista alisema.

Fundi alilipokea gauni la kijani, akaligeuza mbele na nyuma kama linavyogeuzwa vazi la mteja msumbufu. Kamba mbili kati ya nne zilikuwa zimekatika. Mshono wa ubavuni ulikuwa umeachia.

"Hili linafungwaje?"

"Halifungwi. Unaenda kulala tu."

"Na korido yote ile nipite makalio nje?"

"Bibi, hapa ni hospitali. Hakuna anayekutazama."

"Kama hakuna anayetazama, mbona wewe umefunga vifungo vyote?"

Muuza Mkaa alicheka mpaka nyonga ikamkumbusha hali yake. Vifungo hakucheka. Alichomoa pini kwenye kola ya blauzi yake, akamsogelea mama na kumbania gauni lile mgongoni. Kisha akarudi pale alipokuwa amesimama.

"Sasa panda troli," Sista alisema.

"Sipandi. Kwanza niambieni mstari huu ni wa nini."

Sista alishangaa, akafungua faili. "Si mlishaelezwa? Ndugu alitia sahihi jana."

"Alitia sahihi ya kusafishwa kidonda."

Sista alimtazama Karani. Karani alitazama dirisha.

"Mpe karatasi aisome," Fundi alisema.

Karani aliipokea, akaipeleka mbali, akaisogeza karibu. Alikuwa karani wa stoo ya saruji. Kila siku aliandika idadi ya mifuko iliyoingia na iliyotoka, na kwa hesabu hakuwahi kukosea. Nyumbani ndiye aliyesoma barua za shule, notisi za maji, kila kitu kilichokuja kimepigwa muhuri. Wageni wakija na bahasha, Fundi husema kwa fahari: subirini, msomi wetu anarudi jioni.

"Inasema... mgonjwa apelekwe... kwa ajili ya kusafishwa..."

"Soma kama ilivyo."

"Mama, mwandiko wa madaktari unaujua."

Sista hakuwa na nia mbaya, ila asubuhi ile alikuwa na wagonjwa kumi na mmoja. "Kaka, hapo juu si mwandiko, kumepigwa chapa," alisema. "Ni lugha ya kigeni tu. Inasema kukata mguu, chini ya goti."

Wodi nzima ilisikia. Mgonjwa wa karibu na mlango, aliyekuwa anakunywa uji, alishusha kikombe.

Jana Karani alikuwa amesimama kwenye dirisha la ofisi, watu tisa nyuma yake wakihema shingoni mwake. Daktari alitoka akampa maelezo huku anavaa glavu, nusu kwa lugha hii na nusu kwa lugha ile. Neno alilolidaka vizuri lilikuwa kusafisha. "Wewe ndiye msomi wa familia?" daktari aliuliza, na Karani akajibu ndiyo, kwa kuwa hilo ndilo jibu alilolizoea. "Umeelewa?" Nalo alilijibu ndiyo. Kisha akatoa moja ya zile kalamu mbili.

"Kwa hiyo hukusoma," Fundi alisema.

"Nilielewa kwa ujumla."

"Kwa ujumla ndiyo nikatwe mguu?"

"Mama..."

"Na mkataba wa nyumba? Ule uliotusomea wote ukiwa umeketi kitini, ukurasa kwa ukurasa?"

Karani alijifuta paji la uso kwa mkono wa shati. Sauti yake ikawa ndogo. "Nilimuuliza mwenye nyumba unasemaje."

Safari hii hata Muuza Mkaa hakucheka. Vifungo alimtazama kaka yake usoni, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka mingi, akaona uso wa mtu anayeogopa kama yeye.

"Sawa, nimekosa," Karani alisema haraka, kama mtu anayetaka kupita mahali penye matope. "Lakini hata kama ningesoma, tungefanyaje? Daktari ndiye anayejua. Ukibishana nao wakakuacha, utakufa. Na mimi watu wakiniuliza mama yako amekufaje, nitawaambia nini?"

"Utawaambia kwa ujumla."

*

Daktari aliitwa. Alikuja na kofia ya thieta kichwani, barakoa ikining'inia kwenye sikio moja, na wanafunzi watatu nyuma yake.

"Kuna tatizo gani hapa?"

"Mgonjwa amekataa," Sista alisema.

"Hajakataa." Ilikuwa sauti ya Vifungo. Alikuwa anaangalia viatu vya daktari, vya mpira mweupe, vyenye tone kavu la damu kwenye ncha. "Ameuliza."

Daktari alimtazama kama mtu aliyesikia kabati likiongea. Kisha akamgeukia Fundi. "Mama, mguu umeoza. Usipokatwa, sumu inapanda mwilini. Nyuma yako kuna wagonjwa wawili wananisubiri. Twende."

"Kuoza nakuona, pua ninayo. Nauliza kwa nini mkasi upite hapa wakati uozo uko kule."

"Hayo ni mambo ya kitaalamu."

"Na mimi nina utaalamu. Mteja akiniletea suruali iliyochanika pindo, siwezi kuikata ikawa kaptura bila kumuuliza. Akija akakuta kaptura, mtaa hautalala."

Mwanafunzi mmoja aliinamisha kichwa kuficha meno.

"Nguo si mwili, mama."

"Basi kama nguo tu ninaulizia, wewe wa mwili ilikuwaje?"

"Niliwaeleza ndugu zako."

"Ndugu zangu hawana mguu huu. Ninao mimi. Na masikio ninayo, na kisukari hakijafika kichwani."

Daktari alishusha pumzi. "Sikiliza. Kukataa ni haki yako. Iko fomu nyingine ya mtu anayekataa matibabu. Unatia sahihi, unaenda nyumbani, na lolote likitokea hospitali haimo."

"Hiyo nayo utampa mwanangu asaini?"

Mtu fulani mwisho wa wodi alisema, "Eeh!" Sista akageuka kumtafuta, asimwone.

Fundi aliongea akiwa ameketi wima ukingoni mwa kitanda, gauni limebanwa kwa pini. Aliyemtazama angedhani haogopi. Lakini chini ya shuka alikuwa amelishika goti la kulia kwa mikono yote miwili. Alijua wanaweza kumwacha. Aliwahi kuona wagonjwa wakali wanavyorukwa kila raundi, vitanda vyao vinapitwa kana kwamba ni vitupu. Alijua pia kwamba akipanda troli sasa akiwa kimya, ataamka amekatwa na hatajua hata alikubali nini.

Daktari naye hakuwa mtu katili. Alikuwa kazini tangu jana asubuhi. Miaka ilikuwa imemfundisha kuwaeleza ndugu kwa sababu wagonjwa hulia na ndugu huitikia kwa kichwa, na kuitikia kwa kichwa huchukua muda mfupi. Alitazama saa ya ukutani, akamtazama mwanamke huyu asiyelia. Kisha akavuta stuli kwa mguu, akaketi. Sasa ilibidi ainue uso ili kumtazama Fundi.

"Damu haifiki vizuri mguuni," alianza. "Vidole viwili vimekufa, hivyo havina mjadala. Swali ni tukate wapi. Hapa chini ya goti damu ni nzuri, na kidonda cha hapa kwa watu wengi kinapona, hawarudi tena. Nikikata vidole peke yake unabaki na mguu wako, lakini kidonda kinaweza kugoma kupona. Wagonjwa wenye mguu kama huu, wawili nikiwakata vidole, mmoja hurudi kwangu. Akirudi ninakata juu, pengine hata juu ya goti. Na wengine huchelewa kurudi."

"Hao wanakufa."

"Wanakufa."

"Na huo wa chini ya goti, hakuna anayekufa?"

Daktari alisita. Swali hilo hakuulizwa mara nyingi. "Wapo. Ni upasuaji mkubwa zaidi."

"Jana haya yote ulikuwa unayajua?"

"Ndiyo."

"Na yamekwisha kuelezwa hata uji wa mwenzetu haujapoa," Muuza Mkaa aliiambia dari.

Fundi aliutazama mguu wake, wayo mpana uliokanyaga cherehani mpaka ukaota sugu upande mmoja. Hakuna aliyemharakisha. Karani alisogea, akachuchumaa mbele yake.

"Mama, wakate hapo juu, tumalize. Kushona nitakununulia mashine ya umeme. Nusu kwa nusu ni kamari."

"Ni kamari, ndiyo."

"Sasa?"

"Sasa ni ya kwangu. Jana uliicheza wewe, na karata hukuziona." Alimwekea mkono begani, si kwa kumbembeleza, bali ili apate pa kujishika anyanyuke. Akasimama kwa mguu mmoja mbele ya daktari. "Kata vidole. Kikigoma, nitakuja mwenyewe kukuambia ukate goti. Sitachelewa."

"Mimi nisingeshauri hivyo," daktari alisema.

"Nimesikia. Na ushauri wako nimeuelewa, ndiyo maana naweza kuukataa."

*

Fundi alitaka karatasi iandikwe upya, kwa lugha ya nyumbani. Sista alilalamika kwamba hakuna fomu ya namna hiyo. Daktari akamwambia aandike nyuma ya karatasi. Aliandika akiwa amesimama, karatasi ameilaza juu ya faili, kisha akamnyooshea Fundi kidau cha wino wa kuwekea dole gumba.

"Hicho kirudishe. Jina langu najua kuliandika. Kwanza nisomewe."

Karani alinyoosha mkono kwa mazoea, halafu akaushusha. Fundi alikuwa anamtazama binti yake.

"Mimi?" Vifungo alisema. "Mama, nitachelewesha watu."

"Chelewesha."

Alisoma kama alivyosoma darasa la tano, neno kwa neno, kidole kikiburuta chini ya maandishi. Alikwama kwenye "upasuaji", akarudi nyuma, akapita. Mwanafunzi mmoja alitaka kumsaidia, daktari akamzuia kwa kichwa.

"Mimi... nimeelezwa na... nimekubali kukatwa vidole viwili vya mguu wa kulia... na zaidi... itakapobidi."

"Rudia hapo mwisho."

"Na zaidi itakapobidi."

"Zaidi ni kiasi gani?"

Sista alimtazama daktari. "Hiyo huandikwa kwa kila mtu," daktari alisema. "Nikifungua naweza kukuta mambo mengine. Siwezi kusimama katikati ya kazi nikaanza kutafuta ndugu."

"Nani amekwambia utafute ndugu? Nitakuwa nimelala?"

"Hapana. Utachomwa sindano ya mgongo. Kuanzia kiunoni kwenda chini utakufa ganzi. Juu utakuwa macho."

"Basi nitakuwepo. Futa hiyo zaidi, uandike: ikibidi zaidi, ataulizwa mwenyewe."

Ilifutwa, ikaandikwa. Vifungo akaisoma tena yote tangu mwanzo, safari hii bila kukwama kwenye "upasuaji". Fundi akachukua kalamu ya Sista, akaandika jina lake kwa herufi kubwa zilizopanda kidogo kuelekea kulia. Kisha akaigeuza karatasi upande wa zamani, akampa mwanawe.

"Futa lako."

Karani alitazama sahihi yake, yenye mikia mirefu aliyoifanyia mazoezi tangu ujana. Wodi nzima ilikuwa inamwangalia. Akachomoa kalamu mfukoni, akapiga mstari mmoja juu yake, halafu wa pili. Alipomaliza hakujua aifanye nini kalamu ile, akampa dada yake aishike.

*

Chumba cha upasuaji kilikuwa na baridi. Walimlaza, wakaweka pazia dogo la kijani kifuani ili asione chini, na mtaalamu wa dawa za ganzi na usingizi akaketi karibu na kichwa chake, akimuuliza kila mara kama anajisikia vizuri. Fundi alijibu yupo. Hakusikia maumivu, ila alisikia kuvutwa, kama mtu anayevuta kitambaa upande wa pili wa meza. Alisikia vyuma vikiwekwa kwenye sahani, mara moja, mara mbili.

Halafu vyuma vikaacha kulia.

Daktari aliongea na mwenzake kwa ile lugha ya kigeni, maneno machache. Mwenzake akajibu neno moja, akachukua chombo. Fundi aliinua kichwa.

"Mnasemaje?"

Taa ilikuwa inaunguruma juu. Mtaalamu wa usingizi alimgusa bega ili alale, naye akakataa kulala. Kwa sekunde kadhaa mambo yangeweza kwenda upande wowote.

"Rudisha," daktari alimwambia mwenzake, na chuma kikagonga sahani. Sauti yake ikaja juu ya pazia, imechoka, lakini safari hii kwa lugha ya nyumbani. "Mama."

"Nipo."

"Viwili vimetoka. Cha tatu kwa juu kinaonekana kizima, ila chini usaha umefika kwenye mfupa. Nikikiacha, kuna hatari kubwa urudi mapema. Nikikikata, kutembea kutakuwa kugumu zaidi. Unasemaje?"

"Nionyeshe."

"Si vizuri kuona, mama."

"Hilo pazia ni kipande cha nguo tu. Lishushe."

Walitazamana juu ya barakoa zao. Kisha muuguzi akalishusha pazia, na mtaalamu wa usingizi akamwinua kichwa kwa kiganja. Daktari aliushika mguu kwa kisigino, akauinua kwenye mwanga. Ulikuwa kama mguu wa mtu mwingine, wa manjano kwa dawa, mwekundu ulikopita mkasi. Fundi alikitazama kidole cha tatu kwa juu, akaomba kigeuzwe, akakitazama kwa chini. Hakuharakisha. Daktari alisubiri, mikono yake imesimama hewani, na wote waliokuwa mle ndani wakasubiri pamoja naye.

"Nimeona," Fundi alisema. "Hicho kata. Ukifika cha nne, simama tena uniulize."